Posa ya Tongoni na Vidonda Mdomoni Mwangu

Mie ni kinyozi, na watu hawaji kwangu kunyolewa tu, wanakuja kusikiliza. Kiti changu kiko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za namba, na nimesimama nyuma yake miaka ishirini na saba nikisema. Nasema mashine ikinguruma, nasema umeme ukikatika, nasema na mteja aliyekwisha kusinzia zamani. Mke wangu anadai kwamba hata usingizini nabishana na watu. Huwa simjibu, kwa sababu anapofika hapo mie nimeshaanza habari nyingine.

Ni domo hilo hilo lililonifanya niwe mshenga. Kwetu mtu akitaka kuoa hajipeleki mwenyewe. Barua ya posa inabebwa na mtu mzima anayejua kubisha hodi kwa watu, kumsifu kijana bila kutia chumvi kupita kiasi, kujibu maswali ya mtego, na kunyamaza panapostahili. Hilo la mwisho nilikuwa sijalijaribu. Nimepeleka posa Pangani, nimepeleka Muheza, nimefika mpaka Mkwaja na barua mfukoni, na sijarudishiwa hata moja. Haya namwambia kila anayekaa kwenye kiti changu, na akija tena namkumbusha.

Basi mwaka jana ikafika zamu ya nyumbani kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka sita. Sasa ni kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa friji, mkimya ajabu. Nadhani maneno ya ukoo wetu yalikuja kwa kipimo na mie nikayamaliza. Alikwenda Tongoni kutengeneza friji ya bibi mmoja, akarudi huko mara tatu kwa friji hiyo hiyo. Nikamuuliza ni friji gani hiyo isiyopona. Ndipo ikajulikana kwamba bibi yule ana mjukuu, mwalimu wa chekechea.

Tatizo lilikuwa Maramba. Kuna mtu wa huko, mwenye shamba la michungwa na trekta lake mwenyewe, alikuwa ameshapeleka posa kwa binti yule yule. Bibi ndiye aliyemlea msichana na ndiye mwenye kauli ya mwisho, na alikuwa hajajibu. Akatuma salamu kwamba atatusikiliza na sisi watu wa mjini Jumamosi ya wiki inayofuata, kisha atajibu upande mmoja. Msichana mwenyewe alimtaka mpwa wangu, lakini hakuwa mtu wa kuvuka neno la bibi yake. Kijana akaja akakaa mbele yangu, akasema, "Mjomba, nikimkosa huyu," akaishia hapo. Haanzi sentensi nyingi, na ile ndiyo ya kwanza niliyomwona ameshindwa kuimaliza. Roho iliniuma. Nikamwambia awe na amani, mjomba wake yupo na mdomo wa mjomba wake upo.

Siku ya pili yake nikajing'ata.

Ilikuwa Alhamisi, katikati ya mteja na mteja, nakula embe bichi kwa chumvi na pilipili. Nilikuwa namweleza mtu namna nitakavyoingia Tongoni, nitakaa vipi, nitaanza na neno gani, na embe liko mdomoni muda wote huo. Shavu langu la kushoto likaingia katikati ya meno, na ulimi nao ukapata haki yake. Damu kidogo. Nikasukutua, nikaendelea na embe, nikaendelea na maneno. Jioni nikapiga mswaki kwa mswaki mpya wenye brashi ngumu kama ya kufulia, niliouchukua kwa sababu muuzaji aliniambia ule ndio mswaki wa kiume. Nikasugua kiume kweli, mpaka fizi zikatoa machozi mekundu. Na usingizi wenyewe siku zile nilikuwa siupati vizuri, kwa kuipanga na kuipangua hotuba ya posa kichwani.

Jumapili nikaamka na vidonda vitatu. Kimoja pembeni mwa ulimi, kimoja ndani ya shavu, kimoja nyuma ya mdomo wa chini. Vyeupe katikati, vyekundu pembeni, kila kimoja ukubwa wa punje ya dengu. Jamani, kitu kidogo namna ile kinawezaje kumtia adabu mwanamume mzima? Chai ikaniunguza. Mkate ukanikwaruza. Mate yenyewe nikawa nayameza kwa mpango. Na kusema ndiyo ikawa balaa kuu, maana kila neno lenye herufi inayotaka ulimi uguse meno, nilikuwa naona nyota mchana kweupe. Hebu jaribu kuzungumza Kiswahili bila kugusa meno uone. Hata salamu haziishi.

Kibandani nikajaribu kunyoa kimya, watu wakaogopa. Mteja wa kwanza akaniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki. Nikafungua mdomo kumwonyesha, na hapo nikawa nimejichongea, kwa sababu kumbe Ngamiani nzima ni madaktari. Ustadhi mmoja aliyekuja kutengenezwa ndevu akasema vidonda vya ulimi ni matokeo ya kusengenya watu. Sikubisha, maana wiki ile ile nilikuwa nimetumia siku mbili kamili juu ya mambo ya jirani yangu mmoja. Mwingine akasema mjusi amekojolea mswaki wangu. Mwingine akasema nimekula embe mbele ya mtu mwenye njaa, na akanitazama kwa namna iliyonijulisha mtu huyo ni nani. Mke wangu alikuwa Muheza, anamuuguza dada yake aliyejifungua, hajamaliza arobaini. Alipopata habari akapiga simu ya video, akaniamuru nifungue mdomo mbele ya kamera, akatazama, akawaonyesha na wanawake wote waliokuja kumwona mzazi, kisha akasema nimestahili.

Jumatatu nikakubali tiba ya mteja mmoja aliyeapa kwa baba na mama kwamba dawa ni ndimu na chumvi ya mawe, unasugua papo hapo kwenye kidonda mpaka kione haya. Sijui kidonda kiliona nini. Mie nilikiona cha mtema kuni. Nilizunguka kile kibanda mara nne nikiwa nimeshika shavu, na mteja niliyemwacha kitini na nusu ya kichwa akanifuata nje na shuka shingoni kutazama kama nimepagawa. Yule mganga wa ndimu akasema ukiona inauma hivyo ndiyo inafanya kazi. Nimemnyoa mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nakumbuka.

Jumanne nikaenda zahanati. Nikamkuta muuguzi, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akaniamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu akanigeuza mtoto. Fungua. Toa ulimi. Usiufunge. Akamulika, akauliza kama nina homa, kama nimeona uvimbe shingoni, kama vidonda viko mahali pengine popote mwilini. Hapana, hapana, hapana. Ndipo akauliza nimekula nini, nimepiga mswaki wa namna gani, nalala vipi. Nikamweleza habari ya embe, ya mswaki wa kiume, ya hotuba. Akawa anaandika na kuuma midomo yake ili asicheke. Kwa maelezo yake vidonda hivi havina jini wala mjusi, na haviambukizi mtu. Vinamjia anayejing'ata, anayejikwaruza kwa mswaki mgumu, anayependelea vitu vichachu na vikali, aliyekosa usingizi, mwenye wasiwasi, na wengine vinawajia tu bila kuaga. Mie nilikuwa nimezikusanya sababu karibu zote ndani ya siku moja.

Dawa yake ilinivunja moyo kwa unyonge wake. Nusu kijiko cha chai cha chumvi ndani ya glasi ya maji ya uvuguvugu, nisukutue taratibu kisha niteme, asubuhi, jioni na kila baada ya kula. Chumvi, ndiyo, lakini si ile ya mawe na si ya kusugua. Mswaki laini. Kipande cha barafu nikimung'unye kikiniuma. Ndimu, pilipili, ukwaju, nanasi, chai ya moto na karanga niviage kwa muda. Nikamuuliza kwa ishara ya mkono kama hakuna sindano. Hakuna. Nikamuuliza kama nitapona kabla ya Jumamosi. Akasema vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili, na kama vikipita wiki tatu, au vikizidi kukua, au nikishindwa hata kunywa maji, nirudi nitazamwe upya. Kisha akanitolea lile lililoniuma kupita ndimu, kwamba nipunguze kuongea.

Nikafuata, nifanye nini. Nikawa nasukutua na kutema nyuma ya kibanda mpaka kuku wa jirani wakahama. Nikawa naishi kwa uji uliopoa na maziwa ya baridi. Nikanunua mswaki laini wenye picha ya sungura, kwa sababu laini uliokuwepo dukani ulikuwa wa watoto. Na wallahi, yule binti alijua anachokisema. Alhamisi kidonda cha shavu kikaanza kufunga. Ijumaa asubuhi cha mdomo wa chini nacho sikukiona tena. Kikabaki cha ulimi, kimenywea, lakini bado kina kiburi.

Ningeacha hapo ningekuwa salama. Lakini mchana wa Ijumaa, kesho yake ndiyo Tongoni, akaja mteja mwenye mtoto mchanga nyumbani, na mfukoni ana kichupa cha ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau, wanayopakwa watoto wakiota utando mweupe mdomoni. Akasema hiki kimoja kilichobaki tukimalize leo leo. Muuguzi hakuniambia habari ya dawa ile hata kidogo. Nilijua hivyo, na bado nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, nikafumba macho, nikaachama. Akachovya pamba, akapaka. Ile dawa haina adabu. Ukiipeleka ulimini inapita kwenye meno, inashuka kwenye mdomo, inatembelea kidevu. Nilipojitazama kwenye kioo changu, kioo ambacho nimewaonyeshea watu nyuso zao miaka yote hiyo, nilimwona mzee aliyekunywa wino.

Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa mafuta ya nazi, ikatanuka. Mpwa wangu aliporudi kutoka kazini akanikuta nimejifunika kitambaa usoni. Akakivuta, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu habari ya Maramba ianze nilikuwa sijaona meno yake, kwa hiyo nikamwacha acheke, na nafsi yangu ikatulia kidogo. Kisha akaacha ghafla, na wote wawili tukafikiria Jumamosi.

Jumamosi nikavaa kanzu yangu nzuri na koti, nikachukua bajaji na rafiki yangu muuza kahawa. Mshenga haendi peke yake, na mie nilimchagua yule kwa sababu anasema maneno kumi kwa siku na hawezi kunipokonya kazi. Njia nzima namwelekeza, mdomo nimeubana, natumia mikono. Sitasema kwamba naumwa. Mshenga ndiye mdomo wa nyumba inayoposa, na mdomo wenyewe ukija umeoza, watu wataona mkosi umetangulia. Nitasema machache bila kuachanisha midomo, barua itapokewa, tutaondoka. Rafiki yangu akaitikia kwa kichwa. Naona alifurahia sana safari ile.

Tukapokewa vizuri. Bibi ni mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho ambayo hayana haja ya kuuliza mara mbili. Pembeni yake alikuwepo mwanawe mkubwa, ambaye kwa msichana ni baba mkubwa, mtu mnene mwenye sauti nzito. Nikamwamkia bibi shikamoo bila kufungua mdomo, ikatoka kama ya mtu aliyefunikwa mto usoni. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nina mafua. Nikatikisa kichwa kwa namna isiyokuwa ndiyo wala siyo. Ile hotuba yangu ya robo saa, niliyoipanga na kuipangua, ikatoka sentensi mbili kupitia puani. Barua tukaiweka kwenye sinia.

Bibi akasema kwake maneno ya posa hayajibiwi mgeni hajala. Mkeka ukatandikwa, chakula kikaja. Nakwambia hata adui yangu asingenipangia vile. Wali wa nazi wa moto unafuka. Samaki wa kupaka, juu yake pilipili imelala wazi wazi. Bakuli la achari ya ndimu. Na jagi la maji ya ukwaju, la baridi, zito, jeusi. Kila alichokitaja yule binti wa zahanati kilikuwa kimepanga mstari mbele yangu.

Nikaanza na ukwaju, kwa kuwa ni baridi. Funda moja. Ulifika kwenye kile kidonda cha ulimi ukakaa. Machozi yakanitoka macho yote mawili kwa mpigo, na baba mkubwa akayatazama kwa upole, naona alidhani nimeguswa na ukarimu. Nikarudisha glasi. Nikachota wali, nikaupeleka karibu na mdomo, moto wake ukanisalimia kabla haujafika, nikaurudisha. Nikajikaza kisabuni, nikajaribu tena, nikaurudisha. Rafiki yangu kwa upande wake alikuwa anakula kwa raha zake, na samaki nadhani alimmaliza peke yake.

Sasa inatakiwa ujue jambo moja. Kwetu mgeni anayekuja na posa akagoma kula, hasemi kwamba ameshiba. Anasema anaogopa. Anasema ndani ya nyumba hii kuna mkono asiouamini, na kwamba chakula hiki kinaweza kuwa na kitu. Hakuna tusi kubwa kupita hilo, na mie kwa kinywa changu mwenyewe nimewahi kuwaeleza vijana kibandani, kwamba ukienda kuposa, hata wakikupa mawe, tafuna.

Bibi alinitazama wali uliporudi mara ya pili kwenye sahani. Akanawa mikono yake taratibu, akajifuta.

"Nyumba hii haina mchawi," akasema.

Hakupandisha sauti. Baba mkubwa akaacha kutafuna. Nikataka kusema, na kila neno nililolitaka lilikuwa na ulimi ndani yake. Nikatikisa mikono, nikatikisa kichwa, nikagonga kifua, na kadiri nilivyotikisika ndivyo nilivyozidi kuonekana mtu mwenye jambo. Baba mkubwa akanyoosha mkono kwenye sinia, akachukua barua yetu, akaishika kama kitu kinachorudishwa kwa mwenyewe. Nilimwona mpwa wangu pale, wallahi, nilimwona amekaa mbele yangu na ile sentensi yake isiyoisha. Nikawa nimemponza mtoto wa dada yangu kwa embe bichi.

Muuza kahawa akameza. "Anaumwa mdomo," akasema.

Hawakuamini. Nani angeamini? Kila anayekwepa chakula cha watu huwa anaumwa kitu. Basi nikafanya jambo ambalo mtu wa heshima zake hafanyi ukweni. Nikamgeukia bibi, nikafunga macho, nikaachama mpaka mwisho.

Halafu nikamsikia bibi akimtaja Mungu. Nilikuwa nimeisahau ile zambarau.

Baba mkubwa akawasha tochi ya simu. Akaja kwa magoti juu ya mkeka, akashika kidevu changu, akaniinamisha huku na huku. Bibi akavaa miwani. Jirani mmoja aliyekuwa anapita nje akaitwa, naye akamwita mwenziwe. Wakawa wananitazama kwa zamu, mshenga wa Ngamiani, ulimi nje, na kila mmoja ananyoosha kidole kumwonyesha mwingine mahali kidonda kilipo. Baba mkubwa akasema ni joto. Jirani akauliza kama nimejaribu ndimu. Nikatoa sauti ambayo naamini ilisikika barabarani.

Bibi akawatoa wote. Akamtaka baba mkubwa azime tochi. Akaniuliza ni siku ngapi, nikaonyesha vidole. Akauliza siku zote hizo nimekula nini, nikasema uji. Akauliza mke wangu anaupika na nini. Nikasema mke wangu yuko Muheza. Basi uji anaupika nani?

Habari hii hata hapa nimeipita kimya kimya, na nakiri nilikuwa naiona aibu. Nilimkataza kijana asimwambie mtu. Lakini sikuwa na hotuba tena, sikuwa na ujanja wowote, na yule bibi alikuwa ananitazama usoni.

"Mpwa wangu ndiye anayepika," nikasema. "Huyu aliyeniagiza hapa."

Nikaendelea, na ulimi uniume unavyotaka. Nikamweleza kwamba kijana alikuwa anapika kabla hajaenda kazini. Uji wa mchele, na tui kidogo mwishoni. Siku ya kwanza ulikuwa na madonge, nikalalamika, na tangu siku hiyo akawa anauchuja kwa chujio la chai, kijiko kwa kijiko, kisha anaweka bakuli kwenye beseni la maji mpaka upoe. Mchana alikuwa analeta mwingine kibandani, ameufunga kwenye mfuko wa vipuri, kwa sababu mie nilimwambia watu wasione mzee mzima analetewa uji kama mzazi. Alikuwa anakaa pembeni mpaka nimalize, anaosha bakuli, anarudi kwenye friji zake. Hakuniuliza hata mara moja kama nitapona kabla ya Jumamosi. Mie niliona haya, nikamwambia bibi, yeye hakuona.

Posa zote nilizopeleka, sijawahi kumsema mtu kwa maneno machache namna ile, tena mengine hayakutamkika sawasawa. Bibi akavua miwani, akawa anaigeuza geuza mapajani.

"Nimeugua sana katika nyumba hii," akasema. "Sijapikiwa uji na mwanamume hata siku moja."

Baba mkubwa akainamisha kichwa, na sikumwonea gere. Bibi akaita nyuma ya mlango kwamba mgeni aletewe wali uliopondwa kwa maziwa, usiwe wa moto. Bakuli likafika kabla hajamaliza kusema, maana mlangoni kumbe kulikuwa na mtu muda wote, na nikaona ncha ya kanga ikirudi haraka. Nikala. Nikala mpaka mwisho, nikainamisha bakuli, nikamaliza na chini. Sijui kama kuna mtu amewahi kutazamwa akila kama nilivyotazamwa mie.

Baba mkubwa bado alikuwa ameishika ile barua. Akauliza aifanye nini.

"Iache hapo kwenye sinia," bibi akasema. "Wageni wasingoje jibu lingine, jibu ndilo hilo."

Akauliza tena, taratibu, watu wa Maramba waambiwe nini. Bibi akafikiri. Akasema waambiwe machungwa yao ni mazuri.

Kwenye bajaji rafiki yangu muuza kahawa akatumia maneno matatu aliyobakiwa nayo kwa siku ile, kuniambia kwamba samaki alikuwa mtamu. Nikacheka na zambarau yangu yote nje. Nikawa napanga namna ya kumpa kijana ile habari, nimzungushe kwanza, nimtie wasiwasi, nimwambie kidogo kidogo, kama ninavyopenda.

Alikuwa amesimama nje ya kibanda, ametoka kazini mapema, na mikono yake ina grisi kwa sababu alisahau kunawa. Alituona tangu bajaji inakata kona. Hakukimbia. Alingoja nishuke, akanishika mkono nisijikwae kwenye mtaro, akanitazama mdomoni. Nilijua kinachokuja. Nilijua anavyolitaka jibu lile, na nikajiandaa kumzungusha.

"Mjomba," akasema, "lakini umepata kula?"

Mpango wote ukanitoka. Nikamwambia nimekula. Kisha nikamshika shingo, mbele ya watu, nikamwambia na hilo jingine.